Siku ya Kukaa

Ludia Sombo hakujua kukaa. Si kwamba alikuwa na shughuli nyingi, ingawa alikuwa nazo. Ni kwamba yeye na kiti hawakuwahi kuelewana. Kanisani alisimama mlangoni akijifanya anapanga viatu vya watu. Kwa jirani alikunywa kahawa akiwa ameegemea nguzo, jicho moja kwenye sufuria ya mwenyeji. Hata siku ya harusi yake, wanasema wanaokumbuka, aliona chai imemwagika mezani, akashuka kwenye jukwaa la maharusi kwenda kuipangusa, na mumewe, Mungu amrehemu, akabaki peke yake juu kama aliyesusiwa. Watu wa kijiji chao, Buntu Rano, walimwita kiguu na njia. Yeye alicheka tu, kwa sababu hakuona ubaya wake. Ubaya aliuona mwaka ule mama yake alipougua.

Na kuugua kwenyewe ni kule kwa Watoraja, watu wa milima ile. Tangu mwezi wa kwanza bibi yule alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, hapumui, hali, amechomwa dawa ya kumzuia asiharibike, na bado alikuwa mgonjwa, maana mtu hajafa mpaka nyati wa kwanza aanguke uwanjani. Jina lake la ujana lilikwishasahaulika. Tangu Ludia amzae Bua, mama yake alikuwa Ne' Bua, nyanya yake Bua, na Ludia mwenyewe akawa Mama Bua kwa kila mtu. Kila asubuhi Mama Bua alimpelekea mgonjwa kahawa, akaiweka kando ya kichwa, akamweleza mvua ilivyonyesha na nani kagombana na nani. Kisha akatoka mbio. Hata mtu asiyesema neno alimshinda kukaa naye.

Kilichomsumbua ni ahadi. Jioni moja, kabla pumzi haijakatika, Ne' Bua alimshika kifundo cha mkono na kumvuta chini.

"Siku yangu ikifika, kaa."

"Nitakaa, Mama."

"Usinijibu mbiombio kama unafukuza kuku. Nakwambia kaa. Kwenye mkeka wa wafiwa, hapo kando yangu. Wenzio wapike, wenzio wabebe. Wewe ukae mpaka unione nanyanyuliwa."

"Sasa asipokaa binti yako atakaa nani?"

"Mimi sikukaa," alisema Ne' Bua. "Siku ya mama yangu nilikuwa jikoni kwa mabwana. Wakaona kiu, nikatumwa ghalani na sinia. Narudi, naukuta uwanja mtupu, matope na nyayo za wachukuzi tu. Nikakimbia kilimani na sinia langu mkononi. Nafika, mlango wa kaburi la mwambani unafungwa. Unajua nilifanya nini?"

"Ulifanya nini, Mama?"

"Nikawagawia wachukuzi kahawa."

Akacheka hadi akakohoa. Ludia naye akacheka, kisha akaenda nje kuokota kuni ambazo hazikuhitajika, na huko nyuma ya nyumba akalia kwa hasira asiyojua ampelekee nani.

Asijue vipi, na nyumba ya mabwana hao ilikuwa mbele ya macho yake kila siku? Ilisimama juu ya nguzo zake upande wa pili wa uwanja, paa limepinda, safu ya pembe za nyati imepanda mbele mpaka juu, ghala za mpunga zimepangwa zikiikabili. Ilikuwa nyumba ya ukoo wa mabwana wa Buntu Rano, na sasa ilikuwa urithi wa taifa: haikuruhusiwa kupigiliwa hata msumari. Mabwana wenyewe walikwisha kuhamia nyumba za saruji zenye bafu. Waliobaki nayo ni Ludia na ufunguo wake, uliokuwa wa mama yake, uliokuwa wa nyanya yake, unaoning'inia shingoni kwa kamba nyeusi. Yeye ndiye aliyeifagia, aliyeifukizia moshi wadudu watoke, aliyeweka vikombe vya mabwana ndani ya kasha la chumba cha kusini, aliyewafungulia wageni wa kamera. Amefagia sakafu ile ya juu, pale palipolala mabwana, maisha yake yote. Hajawahi kuikalia.

Chini ya nyumba kuna nguzo moja iliyolika. Kibao kinasema hapo walifungwa nyati wa bwana, na Ludia aliwasomea wageni maneno hayo kwa sauti ya kanisani, wageni wakapiga picha, wakapita. Lakini nyati hujikuna shingo na ubavu, akala nguzo pande zote. Nguzo ile imelika upande mmoja tu, kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi.

Ni zamani za kahawa na bunduki. Wafanyabiashara wa pwani walipanda milimani na bunduki, wakashuka na kahawa, na kahawa isipotosha walishuka na watu. Wa kuuzwa walikalishwa pale wakisubiri. Ukoo wa Ludia haukuwa wa kuuzwa. Wao walikuwa watumwa wa dhahabu, ndivyo walivyoitwa, mali ya nyumba, wanarithiwa pamoja na nyumba na hawatoki. Kwa jina. Kwa jina hawakuuzwa. Lakini bwana akishapoteza kamari kwenye jogoo wa kupiganisha, jicho lake lilizunguka uwanjani likitafuta, na aliyeonekana amekaa alionekana hana kazi, na asiye na kazi alikuwa bondeni na wafanyabiashara kabla jua halijazama.

"Ndiyo sababu tupo," Ne' Bua alikuwa akisema, akimfundisha Ludia kukunja mkeka. "Tulisimama."

Siku zile alisema kwa fahari kabisa. Ndiyo maana ile amri ya mwisho ilimkata Ludia maini. Mtu hukufundisha kusimama miaka yote, halafu anakuaga kwa kukwambia kaa!

Kaka yake, Marten, alirudi kutoka Papua mvua zilipopungua, na miwani ya jua, na wanawe wenye simu kubwa kuliko mikono yao. Aliondoka kijana, akafukua barabara za watu huko migodini, akapata mashine za kufukua za kwake mwenyewe. Alimsalimu mgonjwa, akalia sana, akajifuta, akatoka nje akiwa amekwisha kuamua.

"Mama anazikwa kwa heshima. Siku tatu. Nyati, na mmoja wao wa mabaka, wale wa bei kubwa. Na si hapa uchochoroni. Uwanja wa nyumba kubwa."

"Uwanja wa Puang?"

"Una mwingine?"

Watu wa jikoni kama wao walizikwa kwa siku moja, kwa nguruwe, nyuma ya migomba. Hakuna sheria ya serikali iliyosema hivyo tena. Hakukuwa na haja ya sheria.

Walikwenda kwa Puang Salle asubuhi iliyofuata. Puang ni kusema bwana, naye alikuwa mkuu wa ukoo wa mabwana, mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwenye sauti laini ambaye hajawahi kumtukana mtu. Siku hiyo alikuwa uwanjani, juu ya baraza la ghala la kwanza, mahali pake. Marten alipanda akakaa mbele yake, akiivutavuta magotini suruali yake ya bei mbaya. Ludia alibaki chini, nyuma, amesimama. Sinia lilikuwa mkononi mwake, wala hakumbuki alilichukua saa ngapi.

Marten alisema maneno yote aliyoyapanga kwenye ndege. Puang Salle akasikiliza, akavua miwani, akaanza kulia.

"Ne' Bua ndiye aliyenibeba mgongoni mimi huyu," alisema. "Nilipougua surua alinitafunia ndizi. Mnaniomba uwanja? Uwanja ni wake. Nyati leteni, wa mabaka leteni. Atakayenung'unika aje kwangu."

Marten alikuja na ngumi akapewa mkono. Alipigwa na butwaa, akamshika mzee miguu, wakalia wote wawili. Na kweli mzee alimpenda Ne' Bua, mtu asiseme alikuwa anajifanya. Kisha akaivaa miwani yake, akatazama juu ya bega la Marten, akatabasamu.

"Na jikoni atatusimamia Mama Bua, kama siku zote. Vikombe vya nyumba hii vinamjua yeye tu. Eti, mwanangu?"

"Ndiyo, Puang," alisema Ludia.

Ndivyo ilivyotoka. Mdomo nao haukujua kukaa.

Marten hakusikia mpaka walipofika njiani, furaha ilipompungua.

"Umesema nini kule?"

"Nimesema ndiyo."

"Ndiyo ya nini? Mama alikuachia neno moja, moja tu! Mimi aliniachia meno ya bandia kwenye kikombe, sikuachiwa neno."

"Ningemwambia nini mbele za watu?"

"Ungemwambia umefiwa!"

"Yeye anatuita dhahabu ya nyumba, Marten. Kakupa uwanja."

"Dhahabu gani inaosha vikombe, dada? Umewahi kuona dhahabu inaosha vikombe?" Akapiga teke jiwe, akaumia kidole, akazidi kukasirika. "Naleta wapishi kutoka mjini. Wewe utakaa, hata kama itabidi nikufunge."

Kauli hiyo ya kufunga ilimponyoka tu. Wote wawili waliitazama nguzo kule chini ya nyumba, wakaongeza mwendo.

Wapishi wa mjini waliletwa, na juu yao akawekwa Mama Lobo, naye mtu wa jikoni la kale, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali ambaye Ludia alimwamini. Alimkabidhi masufuria, mianzi ya kupikia nyama, vibuyu vya chumvi, kila kitu.

"Na ufunguo wa nyumba?" Mama Lobo aliuliza, kiganja wazi.

Ludia akaigusa kamba shingoni. "Huo nitakaa nao."

"Utakaa nao," alisema Mama Lobo. "Haya. Tutaona kama utakaa."

Wiki zile za maandalizi Bua alijitwisha kazi ya kumfundisha mama yake. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amezoea watoto wasiotulia. Alimkalisha mkekani kando ya nyanya yake, akamwekea mtungi wa maji mapajani, umejaa mpaka ukingoni.

"Ukiinuka tu, umelowa."

"Wewe mtoto huna adabu."

"Sina. Kaa."

Ludia alikaa. Nyayo zikaanza kumwasha, muwasho ukapanda mashavu ya miguu, ukapanda magoti. Alisikia kuku wa jirani anaparua majani aliyoyaanika. Alisikia mlango wa nyumba kubwa unagongagonga kwa upepo, je, ameufunga? Amefunga. Je, amefunga vizuri? Alimtazama mama yake, uso umekauka kidogo kama embe lililosahauliwa, mdomo umefumbwa, na ghafla akaona asichowahi kukiona kwa kukosa kukaa: kwamba vidole vya mama, hata sasa, vimekunjika namna ya kushika ukingo wa sinia. Akainuka. Maji yakamwagika chumba kizima.

"Nimesahau kitu," alisema, akatoka. Hakuna alichosahau. Alizunguka nyumba kubwa mpaka miguu ilipochoka, na Bua alimwona kutoka dirishani na hakucheka.

Siku ya kwanza, nyati wa kwanza alipoanguka uwanjani, Ne' Bua akafa. Ludia alilia kama kwamba habari imefika sasa hivi. Jeneza lilikuwa limepandishwa juu ya jukwaa la marehemu, na chini yake mkeka wa wafiwa umetandikwa. Ludia akakaa pale. Siku ile akakaa! Alikaa huku ameushika mkeka kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Wageni waliingia msafara kwa msafara, nguruwe wanapiga kelele kwenye machela za mianzi, wanawake wa ukoo wakapita na tambuu na sigara, wanaume wakashikana vidole wakaimba kwenye duara taratibu. Wageni wa kamera walizunguka. Mmoja alimpiga picha, na Ludia nusura ainuke amuulize kama ameshakunywa kitu.

Ila masikio yake yalibaki jikoni. Alijua wali umeungua kabla ya wapishi. Alisikia bilauri imevunjika na Mama Lobo anamwita mtu ng'ombe. Kila kelele ilimvuta ukucha. Siku ya pili mgawa nyama alipanda kichanjani na kuanza kutupa vipande kwa majina, na jina la Marten likaitwa juu, pamoja na watu wenye mashamba, nyama ya paja ikaanguka miguuni pake. Marten aliiokota kwa mikono miwili, akamtafuta dada yake kwa macho, uso umemng'aa kama mtoto aliyepata kiatu. Watu wa jikoni walitupiwa mapafu yao kama kawaida, mwishoni. Ludia akamwitikia kaka yake kwa kichwa. Moyoni alisema: kwako ni nyama, kwangu ni siku moja tu imebaki.

Siku ya tatu ilikuwa ya kunyanyua. Mbingu iliamka na mawingu mazito upande wa mwambani. Marten alihangaika huku na huko akitazama juu. Jeneza liliteremshwa na kufungwa kwenye machela yake, chini ya kibanda chenye umbo la nyumba, na kitambaa chekundu kirefu kikatandazwa mbele, ambacho wanawake wa ukoo wa marehemu hukishika juu ya vichwa vyao wakitangulia njiani. Mbele kabisa ni mahali pa binti. Bua alikuwa tayari, ameshika pembe moja, pembe ya pili inamsubiri mama yake.

"Bado," alisema Marten. "Puang anywe kahawa kwanza, tunyanyue."

Puang Salle alikuwa amekwisha kupanda barazani pake kwenye ghala la kwanza, amevaa nyeusi, jamaa zake kushoto na kulia. Wapishi wa mjini walimpelekea kahawa kwenye bilauri ya plastiki. Aliipokea kwa adabu, akaiweka pembeni. Hakukasirika. Alitazama tu huku na kule, taratibu, kama mzee yeyote mwenye kiu ambaye kitu alichokizoea hakipo mahali pake. Na mwenye uwanja asipogusa kikombe chake, walioketi naye hawagusi. Baraza zima likakaa na bilauri zake za plastiki, linatazama matope.

Ludia aliona. Hakutaka kuona. Mama Lobo akaja ameinama, akapiga goti kando ya mkeka.

"Kikombe chake kile cha bluu kiko wapi?"

"Kashani. Kusini."

"Nipe ufunguo."

"Kufuli lile halikubali mkono mgeni, Mama Lobo. Unaliinua kwanza, halafu..."

"Nieleze basi."

"Ngoja," alisema Ludia. "Dakika moja tu."

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea, na hata baadaye hakuweza kusema aliamua saa ngapi. Alishtukia yuko ngazini. Kamba imekwisha kutoka shingoni, kufuli limeinuliwa, limegeuzwa, kikombe cha bluu kimefutwa kwa upindo wa sketi. Alishtukia yuko jikoni, anaweka sukari, kijiko juu ya kijiko, maana Puang anapenda tamu. Na ukitaka ukweli wote, alisikia raha. Mwili mzima ulishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Siku mbili za muwasho zikaisha. Akatoka na sinia, akaingia uwanjani, na alipofika mbele ya mabwana mgongo ukainama wenyewe, mkono wa kulia ukashuka karibu na ardhi kama apitapo mtu mbele za wakubwa.

"Tabe', Puang," alisema, ndiyo kuomba njia kwa heshima. "Tabe'."

Tone la mvua likamwangukia shingoni. Nyuma yake Marten alipiga ukelele, "Mvua! Mvua! Nyanyueni!" na wachukuzi, vijana waliojaa tembo la asubuhi, wakaitikia kwa sauti moja iliyotikisa ghala.

Ludia akageuka. Mkeka wa wafiwa ulikuwa mtupu, mahali pake pamebonyea. Juu ya vichwa vya watu, kibanda cha mama yake kilikuwa kinayumba, kimekwisha kunyanyuliwa. Bua alikuwa anatazama kushoto na kulia, pembe ya kitambaa mkononi, anaita.

"Lete, mwanangu," alisema Puang Salle kwa upole. Alikuwa amenyoosha mkono. "Nipe, kisha uwahi."

Hatua mbili tu. Angempa, angekimbia, angewafikia njiani. Hivyo hasa. Aliona jinsi angekimbia kilimani, na sinia mkononi, na nini angefanya akifika juu.

Magoti yakakunjika. Ludia Sombo akakaa. Alikaa chini matopeni, katikati ya uwanja, baina ya baraza la mabwana na nyumba yao, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mdogo, sinia limetulia mapajani.

Wanawake wa kitambaa chekundu walimfikia wakasimama. Nyuma yao wachukuzi wakasimama, jeneza likiyumba mabegani. Uwanja ni mwembamba pale. Hapakuwa na pa kupitia. Marten akaja anakimbia, miwani imempanda kwenye paji la uso.

"Dada, una wazimu? Inuka!"

"Mama alisema nikae mpaka nimwone ananyanyuliwa."

"Ameshanyanyuliwa!"

"Mimi sikumwona."

"Ludia, mvua inakuja, wachukuzi wamelewa, watu wote wanatutazama..."

"Mshusheni," alisema Ludia. "Hapa, kando yangu. Mumnyanyue tena."

Minong'ono ikapita barazani. Jeneza likishaanza safari halitui njiani. Kila mtoto wa Toraja anajua hivyo, ni mkosi. Mzee mmoja wa ukoo alisema kwa sauti kwamba haijawahi kutokea. Wengine wakamtazama Puang Salle, aamue. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka hewani. Ludia hakumtazama. Aliwatazama wachukuzi. Walikuwa watoto wa jikoni, karibu wote, na madereva wa kaka yake, na wa mbele kabisa, mwana wa Mama Lobo, alikuwa na jasho na machozi vimechanganyika.

"Shusheni," alisema yule kijana kwa wenzake. Wakashusha.

Machela ikatua matopeni. Kichwa cha mama yake kilikuwa karibu na bega lake, ubao tu kati yao. Kwa mara ya kwanza Ludia hakusikia kitu chochote kutoka jikoni. Alikitazama kikombe cha bluu, mvuke unapanda, tone la mvua limeingia ndani. Akakitoa kwenye sinia kwa mikono miwili, akakiweka chini, kando ya kichwa cha jeneza, mahali alipokuwa akiweka kahawa kila asubuhi.

"Mama," alisema, "kahawa yako. Leo ina sukari nyingi, utanisamehe. Mvua ndiyo hiyo inaanza. Marten kapewa paja. Mimi nipo, nimekaa."

Mkono wa Puang Salle ulirudi polepole magotini. Akageuka, mzee wa watu, akaichukua ile bilauri ya plastiki aliyoiweka pembeni, akanywa kahawa iliyopoa mpaka mwisho. Barazani wote wakanywa.

Ludia akakaa mpaka alipotosheka. Nyayo hazikuwasha. Kisha akasema, "Sasa," na wachukuzi wakaingiza mabega, wakapiga ukelele, na Ne' Bua akanyanyuliwa mbele ya macho ya binti yake, kutoka matopeni hadi juu ya vichwa, polepole kuliko mara ya kwanza. Aliona yote. Ndipo Bua akamshika kwapa, akamwinua, akampa pembe ya kitambaa, na mvua ikawakuta njiani, wote wamelowa, wanapanda mwambani na mama yao.

Waliporudi, uwanja ulikuwa mtupu na mvua imekatika. Sinia lilikuwa bado palepale matopeni, na kikombe cha bluu kando yake, kimejaa maji ya mvua mpaka ukingoni. Kila mtu alikuwa amelizunguka akapita, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujiuliza nani huliokota. Ludia aliliona kutoka mbali. Muwasho ukaanza nyayoni, ukapanda mashavu ya miguu, ukafika magotini.

Akalipita, akapanda kwenye baraza la ghala la kwanza, akakaa.